KUJIKINGA, NA KUPONA BAADA YA KUSHAMBULIWA

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, Moshi Vijijini



Leo hatutazungumza juu ya kahawa wala ng'ombe wa maziwa. Tutazungumza juu ya jambo tunalolijua lakini hatupendi kulitaja, yaani kushambuliwa. Mtu anapigwa njiani usiku. Mwingine anavamiwa nyumbani. Mama amekwenda kukata majani ya ng'ombe, anakamatwa kwa nguvu. Jeraha la mwili tunalifunga kitambaa. Je, jeraha la moyo tunalifanyaje?

Tuanze na kujikinga. Wengi hudhani kujikinga ni kupigana tu. Sivyo. Wazee wetu wa zamani, wakati wa vita vya Wamangi, walichimba mahandaki chini ya ardhi. Adui alipokuja, watu waliingia humo na mifugo yao. Mahandaki hayo yanaonekana mpaka leo huko Marangu. Je, wazee wale walikuwa waoga? Hapana. Walitaka kuishi. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Basi, kwanza tembeeni wawili au watatu mnapotoka sokoni jioni. Pili, mtu akikuvamia, piga kelele na kukimbilia penye watu. Akitaka fedha au simu, mpe. Fedha hutafutwa tena. Tatu, kama huna njia ya kukimbia, pigana upate nafasi ya kutoroka.

Sheria inasemaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake, na kulinda mali yake. Lakini nguvu iwe ile inayohitajika tu. Ukizidisha nguvu hata mtu akafa, unaweza kushtakiwa kwa kosa la kuua bila kukusudia. Kwa hiyo mwizi akishaangushwa na kufungwa kamba, hatari imekwisha. Kuendelea kumpiga si kujitetea tena. Mpelekeni polisi.

Sasa tuje kwenye moyo. Tuseme mama mmoja alivamiwa njiani wakati anarudi kutoka soko la Mwika. Vidonda vimepona. Lakini usiku halali. Akisikia mgomba unachakarika, anaruka. Njia ile haipiti tena, hata kama shamba lake liko huko. Watoto wakimwita, anafoka. Jirani wanasema amerogwa, au anajidekeza. Ndugu zangu, hajarogwa. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mwili wake bado unamlinda na hatari ambayo imekwisha pita.

Wanaume nao hupatwa na hayo. Mwanaume aliyevamiwa huona aibu kusema. Anatafuta usingizi ndani ya mbege. Akirudi nyumbani ni ugomvi na mke. Hata yule aliyejitetea akamshinda adui anaweza kukosa usingizi, kila akikumbuka damu aliyoimwaga.

Kuna swali moja baya sana tunalolipenda. "Kwa nini hukupiga kelele? Kwa nini hukupigana?" Jueni kwamba mtu akishtuka sana, mwili huweza kufa ganzi. Sauti haitoki. Miguu haiendi. Hakukubali. Mwili wenyewe umegoma. Na lile swali la "Ulifuata nini huko?" nalo tuliache. Mwenye kosa ni yule aliyeshambulia.

Basi tufanye nini?

Kwanza, matibabu na polisi. Chukua fomu ya PF3 kituo cha polisi, uende nayo hospitali. Kama ameumia vibaya, apelekwe hospitali kwanza, ndugu mmoja akimbilie fomu. Aliyebakwa asioge wala asifue nguo alizovaa, maana huo ni ushahidi. Afike hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Saa 72 ni siku tatu, lakini akifika siku ile ile ni bora zaidi. Polisi wapo pia wa Dawati la Jinsia na Watoto. Hao humsikiliza mtu faraghani.

Pili, kumsikiliza. Usimlazimishe kusema. Kaa naye. Akisema, msikilize mpaka mwisho. Siri yake usiipeleke kilabuni.

Tatu, kumsindikiza. Mama yule anaogopa njia ya shambani? Jirani mwende naye, leo mpaka kwenye mfereji, kesho mpaka shambani. Hofu hupungua kidogo kidogo. Kazi zake za kila siku zimrudie polepole.

Nne, hospitali tena. Wengi hupata nafuu baada ya wiki chache. Lakini kama umepita mwezi na bado halali, hali vizuri, au anasema heri afe, msingoje. Nendeni zahanati. Mganga ataweza kuwaandikia kwenda hospitali ya Mawenzi au KCMC. Kwenda huko si wazimu. Aliyevunjika mguu huenda hospitali, na aliyeumia moyo vile vile.

Ndugu wanakisomo, ninyi sasa mnajua kusoma. Msomeeni maneno haya jirani asiyejua. Pengine nyumba ya pili kuna mtu ambaye halali usiku, na hajamwambia mtu. Mkitoka hapa, piteni mkamsalimu.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI
1. Ni njia zipi kijijini petu ambazo watu huogopa kupita? Tufanye nini?
2. Kujitetea kunakwisha wapi, na kulipiza kisasi kunaanza wapi?
3. Jirani yako amevamiwa jana. Utamwambia neno gani la kwanza?