Valery Karpin, Bwana Nafasi ya Pili

Oktoba 2023, mjini Antalya, Uturuki, Harambee Stars walitoka sare ya 2-2 na Urusi. Kenya ilikuwa na haki ya kutamba. Kwenye benchi la Warusi alisimama Valery Karpin, kiungo aliyecheza Kombe la Dunia mwaka 1994 na 2002, ambaye sasa ni kocha wa timu ya taifa isiyokuwa na mashindano.

Karpin alizaliwa mwaka 1969 Narva, mji wa Estonia ulio mpakani kabisa na Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti. Jina alilipata Spartak Moscow, akicheza kiungo upande wa kulia. Agosti 1992 alifunga kwa penalti bao la kwanza la timu ya taifa ya Urusi mpya, dhidi ya Mexico. Oktoba mwaka huohuo Liverpool wakatua Moscow. Kipa wao, Bruce Grobbelaar wa Zimbabwe, alioneshwa kadi nyekundu, beki David Burrows akavaa glavu, na Karpin akautia mkwaju wa penalti kimiani. Spartak 4, Liverpool 2, mawili yakiwa ya Karpin.

Mwaka 1994 akahamia Hispania, akakaa huko miaka 11: Real Sociedad, Valencia, Celta Vigo, kisha Real Sociedad tena. Celta ile ilikuwa tamu kuitazama. Novemba 1999 waliwafumua Benfica 7-0, na Karpin akiwa miongoni mwa wafungaji.

Lakini msimu wa 2002/03 ndio unaomweleza vizuri zaidi. Real Sociedad, akiwemo kijana Xabi Alonso, walikuwa wakiwinda ubingwa wa kwanza tangu 1982. Zikiwa zimebaki mechi mbili, waliongoza ligi kwa pointi moja, mbele ya Real Madrid ya Zidane na Ronaldo. Mechi iliyofuata ilikuwa ugenini Vigo, nyumbani kwa Celta, klabu aliyoihama Karpin mwaka mmoja tu nyuma. Wakalala 3-2. Miongoni mwa waliowaliza alikuwa Alexander Mostovoi, mwenzake wa Spartak, Celta na timu ya taifa. Siku hiyohiyo Madrid wakaichapa Atletico 4-0. Ligi ilipokwisha, Madrid walikuwa mabingwa, na tofauti ilikuwa pointi mbili.

Ukocha haukubadili mkosi huo. Alirudi Spartak mwaka 2008 kama mkurugenzi, na mwaka uliofuata, Michael Laudrup alipotimuliwa, akakabidhiwa timu. Ikamaliza ya pili. Mwaka 2012 ikamaliza ya pili tena, Karpin akampisha Unai Emery. Emery hakufika Krismasi, naye Karpin akarudi kwenye benchi lilelile. Baadaye Mallorca wakamfukuza, na Torpedo Armavir ikashuka daraja mikononi mwake. Wengi wangeishia hapo.

Rostov ndiyo iliyomfufua kuanzia 2017, na huko likatokea la ajabu. Juni 2020, kikosi kizima kilipowekwa karantini kwa ajili ya korona, klabu ilipeleka watoto wa akademi kucheza na Sochi. Wakafunga bao dakika ya kwanza! Kisha wakapigwa 10-1. Kipa wao Denis Popov, mwenye miaka 17, aliokoa michomo 15, penalti ikiwemo, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi akiwa ameokota mipira 10 wavuni.

Julai 2021 Karpin akashika timu ya taifa. Baada ya uvamizi wa Ukraine mwaka 2022, FIFA na UEFA ziliifungia Urusi, na tangu hapo anapewa mechi za kirafiki. Machi 2025 aliichapa Zambia 5-0. Matokeo ya namna hiyo yanapamba takwimu, msikilizaji, ila hayapimi kocha. Kipimo ni pointi, na pointi hazipo.

Kwa hiyo rekodi yake ya mashindano akiwa na timu ya taifa imesimama Split, Novemba 14, 2021. Urusi ilihitaji sare tu mbele ya Croatia ili ifuzu Kombe la Dunia moja kwa moja. Uwanja ulikuwa umelowa chepechepe kwa mvua. Dakika ya 81 beki Fyodor Kudryashov akajifunga, Croatia ikashinda 1-0, na Urusi ikamaliza kundi katika nafasi ya pili.