Kutafuta Chachu kwa Taa

  

Leo twaomba mfungue Biblia zenu katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, tangu mstari wa 14 hata wa 20. Sura hii twaisoma sana karibu na Pasaka. Lakini tukiisha kufika penye damu ya mwana-kondoo juu ya miimo ya mlango, wengi wetu twafunga kitabu. Ile habari ya chachu twaipita mbio, kana kwamba ni habari ya jikoni tu. Nayo kweli ni habari ya jikoni. Basi leo tuingie jikoni.

Bwana aliwaagiza Waisraeli kwamba kwa muda wa siku 7 wale mikate isiyotiwa chachu, na kwamba chachu isionekane kabisa majumbani mwao. Wayahudi walishika agizo hilo tangu zamani, na wanalishika hata sasa. Wala si mbali na sisi. Pale Nairobi, karibu na Chuo Kikuu, liko sinagogi. Na kule Uganda, karibu na mji wa Mbale, wako Waafrika wenzetu waitwao Abayudaya, ambao mzee wao Semei Kakungulu aliwaongoza katika dini ya Kiyahudi tangu mwaka wa 1919. Wakati wa utawala wa Idi Amin dini hiyo ilipigwa marufuku, nao wakaishika kwa siri mpaka alipoondoka mwaka wa 1979.

Chachu yenyewe ni kitu gani? Siku hizi tukisema chachu twafikiri hamira ya dukani. Watu wa kale hawakuwa na hamira ya pakiti. Waliweka donge la unga wa jana, wakalikanda ndani ya unga wa leo, na unga wa leo ukaumuka. Akina mama wanaopika uji wa kuchachua wanaelewa mara moja. Kibuyu kilichozoea uji huo hakihitaji kuambiwa neno. Tia ndani uji mpya, uache usiku mmoja, asubuhi umechacha. Uchachu wa juma lililopita umekaa katika kuta zake.

Kwa Wayahudi jambo hili ni kali sana. Unga wa ngano au wa shayiri ukiisha kuguswa na maji, wanahesabu dakika 18 tu. Kabla dakika hizo hazijaisha ni lazima mkate uwe umekandwa, umesukumwa, umetobolewa matundu na kuingizwa tanuruni. Ukichelewa, unahesabiwa kuwa na chachu hata kama hakuna aliyeitia. Ndiyo maana ule mkate wao wa Pasaka, waitwao matza, ni mwembamba na mkavu, tena unavunjika mkononi. Ni mkate wa watu waliotoka Misri kwa haraka.

Basi majuma kadhaa kabla ya sikukuu kazi inaanza. Kabati zinahamishwa, magodoro yanapigwa jua, mifuko ya makoti ya watoto inapinduliwa nje ndani, kwa maana watoto, ninyi mwawajua, huweka biskuti mahali popote. Kisha vyombo. Sufuria za chuma huchemshwa katika maji yanayotokota. Vyuma vya kuchomea nyama hutiwa motoni mpaka viwe vyekundu. Lakini chungu cha udongo hakisafishiki. Udongo umekwisha kunywa kile kilichopikwa ndani yake, nao hauwezi kukitapika. Mambo ya Walawi 6:28 yatuonyesha tofauti hiyo hiyo katika hema ya kukutania: chungu kilichotokosewa sadaka ya dhambi kilivunjwa, bali chombo cha shaba kilisuguliwa na kusuuzwa. Kwa hiyo nyumba nyingi za Kiyahudi zina vyombo vya Pasaka peke yake, vinavyofungwa mwaka mzima.

Na usiku wa kuamkia siku ya 14 ya mwezi wa Nisani, nyumba ikiisha kung'aa, baba wa nyumba huwasha mshumaa. Huchukua unyoya na kijiko cha mti, husema baraka, na jamaa yote humfuata kimya chumba kwa chumba, akimulika pembeni na chini ya vitanda. Katika nyumba nyingi huficha kwanza vipande 10 vya mkate, ili asije akatafuta bure. Na watoto hufurahi kama nini wakimwona baba akipotea njia. Makombo hufagiwa kwa unyoya ndani ya kijiko, na asubuhi huchomwa moto.

Kwa nini mshumaa? Walimu wao wa kale walijifunza hayo kwa Sefania 1:12, ambapo Bwana asema juu ya kuuchunguza Yerusalemu kwa taa, na kwa Mithali 20:27, ambapo roho ya mwanadamu yafananishwa na taa ya Bwana inayopekua yaliyo ndani. Nuru ya jua ni kubwa, lakini haiingii chini ya kabati. Ile ndogo inaingia.

Na tusidhani kwamba watu hawa hawana kiasi. Katika Mishna, kitabu cha mafundisho yao kilichokusanywa yapata mwaka wa 200 baada ya Kristo, liko swali la kupendeza. Je, kama kicheche amebeba kipande cha mkate kutoka nyumba isiyosafishwa, akakiingiza katika nyumba iliyosafishwa? Wazee wakajibu kwamba tusihofu jambo hilo, maana tukianza hivyo tutahofu ua kwa ua, na mji kwa mji, na kazi haitakuwa na mwisho. Baada ya kutafuta, baba hutamka kwamba chachu yoyote iliyomo nyumbani mwake ambayo hakuiona ihesabiwe si kitu, kama mavumbi ya nchi. Lakini angalieni: usiku ule hutamka juu ya ile asiyoiona. Ile aliyoiona ni lazima aiondoe.

Hapo ndipo sisi tulipokwama mwaka jana, na twataka kuwaeleza bila kuficha.

Tuliombwa kuongoza ibada ya nyumbani, siku ya Jumatano katika Juma Takatifu, hapa kwetu, na somo letu lilikuwa hili hili la Kutoka 12. Tulikuwa tumeketi mezani, mume na mke, na vitabu vyetu, tukitafuta mifano ya chachu ya siku hizi. Tulikwisha kuandika ulevi. Tulikwisha kuandika masengenyo. Wakati huo yule msichana anayetusaidia kazi za nyumbani alikuwa amepiga magoti sebuleni, anasugua sakafu kwa ajili ya wageni. Alivuta makochi yote akafagia nyuma yake. Kisha akatujia, mikono imelowa, akaweka kitu juu ya meza karibu na Biblia.

Akasema, "Mama, hii nimeipata chini ya kochi."

Ilikuwa sarafu ya shilingi 20.

Mama akasema asante, naye akarudi kwenye ndoo yake. Sisi tukabaki tunaitazama ile sarafu. Kwa maana msichana yule alikuwa anatudai mshahara wa miezi 2. Hatukuwa tumekataa kumlipa. Tulikuwa tumemwambia angoje kidogo, karo za watoto zimetubana, naye akasema, "Haidhuru, Baba." Mwezi wa pili hatukumwambia kitu, naye hakuuliza. Na katika miezi hiyo hiyo tulinunua mapazia mapya, maana tulijua wageni wa ibada watakuja.

Tulijaribu kuendelea kuandika, tukashindwa. Somo lenyewe lilikuwa linasema habari za watu waliofanya kazi pasipo ujira katika nyumba ya wengine. Siku zote tulipoisoma habari ya Misri tulijiweka upande wa Waisraeli. Haikutupitia akilini kwamba katika nyumba yetu yuko mtu anayeisoma kutoka upande mwingine wa meza. Torati hairuhusu ujira wa kibarua ulale kwa tajiri wake hata asubuhi. Yasemwa katika Mambo ya Walawi 19:13. Na Kumbukumbu la Torati 24:15 laongeza kwamba apewe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake waungojea, asije akamlilia Bwana. Mistari mitatu baadaye Mungu awakumbusha kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa.

Wayahudi wana desturi moja ambayo hatukuwa tumeiandika katika somo letu, ingawa tuliijua. Kabla ya Pasaka huchangwa fedha ziitwazo fedha za ngano, ili maskini naye apate mkate wake wa sikukuu. Ni sehemu ya maandalio, kama kufagia.

Tena tukakumbuka Luka 22. Bwana Yesu aliwatuma Petro na Yohana wakaandae Pasaka, nao wakakutana na mtu amebeba mtungi wa maji, wakamfuata mpaka orofani, wakakuta chumba kikubwa kimekwisha kutandikwa. Nani alikitandika? Nani alifagia sakafu ile na kutoa makombo pembeni? Luka hakutuambia. Mwenye nyumba twamsikia, lakini mtungi, kama mjuavyo, haubebwi na mwenye nyumba.

Fedha hazikuwapo nyumbani, huo ndio ukweli. Jioni ile mama alikwenda kwa mweka hazina wa chama chao akakopa, na kabla ya chakula tukamwita yule msichana tukampa mshahara wake wa miezi 2 pamoja na nauli. Tulimwomba radhi. Kwa kweli hatukujua maneno ya kutumia. Hatukuwahi kumwomba radhi mtu tuliyemwandika kazi. Alihesabu fedha zile mara 2 pale pale, na sisi tukaona vema ahesabu. Kisha akapiga goti kidogo akasema asante, kama mtu aliyepewa zawadi, na neno hilo lilituchoma kuliko kama angalitulaumu.

Ibada ya Jumatano ilifanyika. Tuliyasoma yale ya Paulo katika 1 Wakorintho 5, mstari wa 6 hata wa 8, juu ya kuitoa chachu ya kale, na tukawaeleza ndugu wa ibada habari hii kama tulivyowaeleza ninyi. Kukawa kimya. Baada ya sala ya mwisho wawili waliondoka bila kungoja chai, na mmoja akatuambia mlangoni kwamba anakwenda kumtafuta fundi aliyemjengea choo.

Msichana yule alisafiri kwao Alhamisi asubuhi, akale Pasaka na mama yake. Hakurudi. Baada ya majuma 3 ndugu yake alipita kwetu, akasema dada ameanza kujifunza ushonaji, anatusalimu, na anaomba leso yake aliyoiacha kwenye kamba. Ilikuwa bado iko pale. Tuliikunja, tukaifunga katika gazeti, tukampa ndugu yake aipeleke.