BOMU LA KALE BADO NI BOMU

Katika nchi iliyopitiwa na vita, hatari haiondoki siku bunduki zinaponyamaza. Hubaki ardhini, ikimngoja mkulima na jembe lake, au mtoto anayeokota vyuma ili akaviuze.

Wananchi wa Quiterajo, katika wilaya ya Macomia, pwani ya kaskazini ya Msumbiji, wanalijua jambo hili. Jimbo lao la Cabo Delgado limepita katika vita vitatu: vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1964, vita kati ya serikali na RENAMO vilivyokwisha mwaka 1992, na vita vilivyozuka Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa pwani hiyo walikimbilia Pemba kwa mashua. Kwa yule anayerejea shambani kwake, kujua mlipuko ni nini si anasa ya darasani. Ni kinga ya uhai.

Mlipuko ni nguvu nyingi inayofunguka kwa ghafla mahali padogo. Yako mafungu matatu. La kwanza ni la mvuke au hewa iliyobanwa, kama tangi linapopasuka. La pili ni la nyuklia, lililoteketeza Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945. La tatu, ambalo ndilo la kawaida vitani, ni la kikemikali: baruti hugeuka hewa ya moto kufumba na kufumbua.

Baruti nazo zina daraja. Baruti nyeusi huungua kwa mwendo ulio chini ya ule wa sauti, na hupasua pale inapofungiwa. Baruti kali, kama TNT, hupitiwa na wimbi la mshindo liendalo karibu kilometa 7 kwa sekunde, yaani kama mara 20 ya mwendo wa sauti hewani. Hiyo huua hata isipofungiwa.

Baruti kali nyingi ni nzito kuamka. Lakini ndani ya bomu huwekwa kiasi kidogo cha baruti nyepesi, inayoamshwa na kishindo, msuguano au joto, nayo huiamsha ile nzito. Kutu hula chuma, haiui baruti. Bomu lililochakaa halijawa salama, bali limekuwa gumu kutabirika.

Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangaza kuwa imeondoa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Hata hivyo, tangazo lile halikuweza kugusa makombora na mabomu ya vita vilivyofuata.

Basi wajibu ni wazi. Kitu kisichojulikana kisiguswe, kisirushiwe jiwe, wala kisichomwe moto. Aliyekiona arudi kwa nyayo zake mwenyewe, awaonye wenzake, na awaarifu wenye mamlaka. Wazee walisema: tahadhari kabla ya hatari.