Mtaje Mwenzako Mapema

Somo: Warumi 16:1–23

  

Somo letu ni mlango wa mwisho wa Waraka kwa Warumi. Wengi wetu tukifika hapo hufunga kitabu, maana twaona ni orodha ya majina tu: Fibi, Priska na Akila, Persisi na wengine. Lakini katika mstari wa 22 kuna jambo la ajabu. Mtu aitwaye Tertio anatoa salamu zake mwenyewe. Huyu ndiye aliyeshika kalamu Paulo alipokuwa akisema. Mawazo yalikuwa ya Paulo, na waraka ni wa Paulo. Hata hivyo mwandishi hakufichwa. Jina lake limo mle hata leo.

Tuliweke jina hilo moyoni, kisha twende Uingereza tukasikie habari za watu walioanza kwa kupiga muziki pamoja, wakaishia mahakamani.

Mwaka 1967 palitokea bendi ya vijana iliyoitwa Procol Harum. Gary Brooker alipiga piano na kuimba. Keith Reid hakuwa mpigaji. Kazi yake ilikuwa kutunga maneno ya nyimbo. Hao wawili walikuwa wamekwisha kutengeneza wimbo uitwao “A Whiter Shade of Pale” kabla bendi haijakamilika. Ndipo akaingia Matthew Fisher, mpiga kinanda. Walipokuwa wakifanya mazoezi, Fisher akatunga sauti ya kinanda ya kuufungulia wimbo ule, kipande kifupi kinachorudi tena baada ya ubeti. Mwezi wa Mei mwaka huohuo santuri ikatoka. Ilikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma sita, ikauzwa kwa mamilioni duniani.

Mtu akiukumbuka wimbo huo leo, mara nyingi kinachomjia kwanza masikioni ni kile kinanda. Lakini mahali pa watunzi yaliandikwa majina mawili tu, la Brooker na la Reid. Fisher alipata fungu lake kama mpigaji. Ule mrabaha anaolipwa mtunzi kila wimbo wake unapotumika uliwaendea wale wawili.

Je, Fisher alinyamaza tangu mwanzo? Yeye mwenyewe alieleza kwamba alilitaja neno hilo mapema, lakini hakusikilizwa. Baada ya hapo hakulisukuma. Jaji aliyeisikiliza kesi yake miaka mingi baadaye aliona kwamba aliogopa: kama angalishikilia dai lake, huenda angaliambiwa aondoke katika bendi. Basi akalimeza.

Mwaka 1969 akaondoka. Bendi ikaendelea bila yeye hata 1977, ikavunjika. Mwaka 1991 ikakusanyika upya, na Fisher akarudi. Hebu fikirini, ndugu zetu. Kwa miaka mingine kadhaa alisimama jukwaani pamoja na Brooker, wakaupiga wimbo uleule, watu wakashangilia, na neno lile lilikuwa bado halijatengenezwa. Wazee walisema kweli: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukuta ukajengwa mwaka 2005. Fisher, akiwa amekwisha kuiacha bendi mara ya pili, akapeleka mashtaka. Ilikuwa imepita miaka 38. Mwezi wa Desemba 2006 Mahakama Kuu ya huko London iliamua kwamba yeye ni mmoja wa watunzi, na kwamba fungu lake katika muziki wa wimbo ule ni asilimia 40. Brooker akakata rufani. Naye alikuwa na hoja zake: wimbo aliutunga kabla ya kumjua Fisher, na mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo anadai nini sasa? Mwezi wa Aprili 2008 Mahakama ya Rufani ikamwachia Fisher jina la mtunzi, lakini majaji walio wengi wakamnyima fedha kwa sababu ya kuchelewa. Tarehe 30 Julai 2009 shauri likafika mwisho katika Baraza la Malodi. Majaji wote watano wakamrudishia fungu lake. Walisema sheria haikuweka kikomo cha miaka kwa dai la namna ile, na kwamba kuchelewa kwake hakukuwapunja wale wengine, bali kuliwanufaisha. Hata hivyo mrabaha wa miaka iliyotangulia dai lake haukurudi. Brooker alifariki mwaka 2022, na Reid mwaka 2023.

Wapendwa, tusiwe wepesi kugawa watu hawa kuwa mwizi na mtakatifu. Brooker hakusema uongo aliposema wimbo ni wake, maana yeye na Reid ndio walioanza nao. Fisher naye hakusema uongo. Kidole kimoja hakivunji chawa, na wimbo ule haukuwa kazi ya mkono mmoja. Taabu yetu wanadamu ni kwamba twaikumbuka sana sehemu yetu wenyewe, na ya mwenzetu twaiona kuwa msaada mdogo tu.

Wala tusidhani haya ni mambo ya wapiga gitaa wa Ulaya. Twaendeni kwenye ukuta wa kanisa letu. Pale mlangoni pana jiwe la msingi, na juu yake limechorwa jina la mgeni wa heshima aliyekuja siku moja kwa gari. Akina mama waliobeba maji na mchanga kwa miezi, majina yao yako wapi? Mama mmoja anatunga wimbo akiwa shambani, anaufundisha kwaya, na mwaka unaofuata unatangazwa kuwa wa mwalimu wa kwaya. Sisi wachungaji nasi tumo. Mara ngapi tumesimama mbele ya askofu tukaisoma taarifa ya parokia kana kwamba kazi yote tuliifanya peke yetu, na katekista aliyetembea vijiji kwa miguu ameketi nyuma akisikiliza?

Naye akinung'unika, twamjibu nini? Twamwambia, “Ndugu, tusitafute sifa, utukufu wote ni wa Mungu.” Neno hilo ni kweli, lakini twaweza kulitumia kwa hila. Twamkumbusha utukufu wa Mungu yule aliyesahauliwa, huku jina letu sisi likibaki juu ya jiwe.

Wajuzi wa muziki husikia katika kinanda cha Fisher mwangwi wa mtu mwingine, Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750. Bach alikuwa mpiga kinanda, na miaka yake ya mwisho alisimamia muziki wa kanisa la Mtakatifu Thomas katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Mwisho wa kazi zake nyingi za kanisa aliandika herufi tatu, S.D.G. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Angalieni, Bach aliyaandika hayo juu ya kazi yake mwenyewe. Hakuyatumia kumfunga mwingine mdomo.

Na waraka wetu wa leo wafundisha vivyo hivyo. Mwisho wa mlango wa 11 Paulo anamrudishia Mungu vitu vyote na utukufu wote. Milango mitano baadaye anawataja wasaidizi wake mmoja mmoja, na Tertio naye anapata nafasi ya kusalimu. Kumtukuza Mungu na kumtaja ndugu havipingani. Mungu ndiye aliyempa Tertio mkono wa kuandika. Tukimficha Tertio, twaificha zawadi ya Mungu.

Basi tufanye nini? Wewe ambaye jina lako limeandikwa juu ya kazi ya wengi, usingoje kudaiwa. Juma hili mtaje mwenzako mbele za watu, na kama kuna malipo, mpe fungu lake. Kumtaja leo kunagharimu dakika moja. Miaka 38 baadaye kunagharimu mawakili, na urafiki.

Nawe uliyemeza neno kwa kuogopa kufukuzwa, twakuhurumia. Hofu yako si ya bure. Lakini neno lililomezwa halifi. Huota ndani kama mwiba. Bwana wetu, katika Mathayo 18, atufundisha kumwendea ndugu aliyetukosea, sisi na yeye tu. Na katika mlango wa 5 atuonya tupatane na mshtaki wetu tungali njiani. Nenda ungali mapema, kwa upole. Asipokusikia, chukua mtu mwingine au wawili wenye hekima. Si dhambi kuitaka haki yako.

Tuombe. Ee Bwana, wewe unawajua kwa majina wote waliobeba mawe ya nyumba yako. Utusamehe tuliojitwalia sifa za wengine. Uwafariji waliosahauliwa, uwape ujasiri wa kusema bila chuki. Utupatanishe tungali hai, tungali njiani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.