Elimu ya Kuitunza Ardhi Haitolewi kwa Amri



Nyanda za kati hazina mvua ya kutosha. Dodoma hupata wastani wa milimita zipatazo 570 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tena hunyesha kwa kishindo, juu ya ardhi ambayo mara nyingi imekwisha kuachwa wazi na shoka na kwato. Maji huondoka na udongo, na mahali pake hubaki korongo. Katika mkoa wa namna hiyo, somo la kuhifadhi ardhi linahusu chakula cha mwaka ujao. Hapana budi basi kuuliza: somo hilo lifundishwe kwa njia gani?

Historia ya mkoa huu inao ushahidi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa. Matrekta yalikuja na wataalamu walikuja, lakini Wagogo walioijua mvua ya mahali pale hawakushirikishwa katika kupanga. Mvua ilikuwa haba, udongo ukakauka na kuwa mgumu hata karanga zikashindikana kung'olewa, na mwaka 1951 mpango ukavunjwa baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36.

Baada ya Uhuru, mwaka 1973, ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika eneo la kilometa za mraba zipatazo 1,256 lililomomonyoka wilayani Kondoa. Majani na miti vilirudi, hilo halikanushiki. Lakini wafugaji waliagizwa kuhama kabla ya kupata nafasi ya kuchunguza na kuamua pamoja. Amri inaweza kuotesha majani kwa miaka kadhaa. Mtoto anayezaliwa baadaye hairithi amri hiyo; anachoweza kurithi ni sababu yake, kama ameielewa.

Njia nyingine iliwahi kujaribiwa nchini, nayo ikafaulu. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, karibu watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao. Vyoo vilichimbwa kwa sababu wachimbaji wenyewe walikuwa wamekubaliana. Siku hizi, mkoani Dodoma, kampeni ya Kisiki Hai ya LEAD Foundation na Justdiggit ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 2018, inafuata mwendo huo huo. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu katika kisiki kilichobaki shambani mwake, hupogoa mengine, na kuyalinda yaliyosalia. Mti una mizizi tayari, na mwenye shamba ndiye mwamuzi.

Shuleni je? Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule. Kwa bahati mbaya, katika shule nyingi ilibaki kazi ya mikono peke yake. Mtoto aliyechelewa hupewa jembe kama adhabu, kisha hutegemewa aipende ardhi. Kubeba ndoo ya maji kwenda kwenye mche uliopandwa mahali pasipofaa si kushirikishwa.

Mwalimu aliye na korongo karibu na shule anacho kitabu kilicho wazi. Wanafunzi na wapige vigingi ukingoni mwake mwezi Novemba, na wapime tena mwezi Mei. Watengeneze kipimamvua kwa chupa. Wamwalike mzee mchungaji na mama mkulima waeleze korongo lilianza lini na wapi. Baadaye wajadiliane: yapangwe mawe, yachimbwe makinga maji, au vitunzwe visiki? Uamuzi wao utekelezwe, hata ukiwa na kasoro, na matokeo yaandikwe katika daftari litakaloachiwa darasa linalofuata.

Watasema wengine kwamba darasa lina watoto mia na mtihani unakaribia. Shida hiyo ni ya kweli. Lakini watoto mia ni vikundi kumi, na kila kikundi chaweza kupewa swali lake na kigingi chake. Tena upimaji huo ni hesabu, ni jiografia, na ni sayansi.

Kwa upande wao, maofisa wa elimu na wathibiti ubora wa shule wasitosheke na idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe. Waulize mingapi iko hai baada ya kiangazi, na ni nani aliyechagua mahali pa kuipanda. Wanafunzi wakiweza kujibu swali hilo la pili wenyewe, bila kumtazama mwalimu usoni, itajulikana kwamba somo limeingia.