Pampu ya Bustani Isiwashwe Bila Ethi

Msikilizaji, kama unamwagilia bustani yako kwa pampu ya umeme, sikiliza vizuri. Pampu isiwashwe bila waya wa ethi.

Waya wa ethi ni ule wa kijani wenye mstari wa njano. Wapo mafundi wanaoukata na kuuacha, kwa kuwa pampu huzunguka hata usipofungwa. Hapo ndipo hatari ilipo. Siku maji yakiingia kwenye mota, umeme huhamia kwenye bodi ya chuma. Wewe uko peku, umesimama kwenye tope, unaishika. Umeme unapita mwilini mwako. Ethi ikiwepo, umeme huo hupata njia ya kwenda ardhini, na swichi ya kuzuia umeme unaovuja huukata mara moja. Vyote viwili vinahitajika: ethi, na swichi hiyo.

Basi mwite fundi mwenye leseni. Hapa Tanzania leseni hiyo hutolewa na EWURA. Mwambie akuoneshe ethi ilipofungwa. Kisha abonyeze kitufe cha majaribio kwenye swichi. Umeme lazima ukatike. Usipokatika, kazi haijaisha. Maungio ya waya yakae juu, ndani ya boksi lisiloingiza maji. Ekstensheni ya sebuleni isiburuzwe kwenye matuta, hata kwa siku moja.

Narudia: pampu isiwashwe bila ethi. Na ukihisi bomba linakupiga shoti, usiiguse pampu. Zima swichi kuu ya nyumba, waondoe watoto bustanini, kisha mwite fundi.