Dumuzi, Adui wa Ghala

Fukusi anajulikana tangu zamani, lakini dumuzi ni mgeni. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Alionekana Tabora, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 akagunduliwa Taveta, nchini Kenya.

Dume hutoboa hindi, na akisha kupata chakula hutoa harufu inayowaita wenziwe, majike kwa madume. Jike hutaga mayai ndani ya vijia alivyovitoboa, na punje zikageuka unga mtupu. Hula pia muhogo mkavu, na hutoboa hata nguzo za ghala.

Basi yampasa mkulima ajue udhaifu wake. Mahindi yaliyo magunzini humpa mahali imara pa kutobolea. Bali punje zilizopukuchwa hazitulii, naye hupata taabu. Kwa hiyo mahindi yakaushwe sana, yapukuchwe upesi, yachanganywe na dawa iliyoruhusiwa au yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa. Ghala lifagiwe kabla ya mavuno, na nguzo zilizotobolewa ziondolewe. Mwenye kungoja mpaka aone unga sakafuni amekwisha chelewa: chakula cha watoto wake kimeliwa.